Daftari la Msumarini: Kulea Arusha, Kuanzia Mtoto wa Siku Moja Hadi wa Kidato cha Tatu

Usiku mmoja wa mwezi wa saba, mtoto wangu wa pili akiwa na miezi kumi, alinyweshwa dawa ya homa mara tatu ndani ya saa nne. Dada wa kazi alimpa saa 12 jioni, kabla sijarudi kutoka kwenye fremu yangu ya kushonea karibu na soko la Kilombero. Mimi nikampa saa 2 usiku, maana nilimkuta wa moto. Bibi yake, aliyekuja kututembelea kutoka Ngaramtoni, akampa saa 4 wakati naoga. Hakuna kati yetu aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alisoma maelekezo ya kwenye chupa, akapima kijiko chake, akamfunika mtoto vizuri. Tulishtuka tulipoona chupa imebaki robo.

Tulikesha hospitali mtoto akiangaliwa, kwa sababu parasetamoli ikizidi huumiza ini, na ini halilii. Alfajiri tukaruhusiwa, mtoto salama. Nesi aliyetutoa akaniuliza, bila ukali wowote: "Mama, kwenu huwa mnaandika wapi?"

Hatukuwa tunaandika popote. Siku hiyohiyo nikanunua kaunta buku, nikatoboa tundu kwenye kona, nikapitisha uzi wa cherehani na kuining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Sasa tuko kwenye daftari la tano. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tatu, huyo wa dawa yuko darasa la nne, na kitinda mimba ana mwaka mmoja na miezi miwili. Nitaeleza tunavyolitumia umri kwa umri, pamoja na makosa niliyofanya, maana nimeyafanya mengi.

Hatua ya kwanza: andaa daftari lenyewe

Chagua lenye jalada gumu. Daftari laini la shule litalainishwa na mvuke wa jikoni ndani ya mwezi mmoja. Kalamu ifunge kwa uzi, la sivyo itaondoka na mwanafunzi. Chora safu nne: saa, nani, nini, kiasi. Usiongeze ya tano. Niliwahi kuweka safu ya "maoni", ikageuka uwanja wa vita kati yangu na wifi yangu.

Kanuni ni mbili. Ya kwanza, anayefanya ndiye anayeandika, palepale, kabla hajaosha kijiko. Ya pili ni ngumu zaidi: hakuna anayegombezwa kwa alichoandika. Dada akiandika "saa 9 mchana, kaanguka kitandani", meza mate, mwangalie mtoto, mshukuru dada. Ukimfokea, mtoto ataanguka tena siku nyingine na ukurasa utabaki mweupe. Kama dada hasomi vizuri, kubalianeni michoro: chupa ni dawa, bakuli ni chakula, tone ni mkojo. Dada yetu wa kwanza aliishia darasa la nne, na michoro yake ilikuwa inaeleweka kuliko mwandiko wangu.

Ndani ya jalada andika namba ya dereva wa bajaji anayepokea simu usiku, ya jirani mwenye gari, na 116, ambayo ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania. Andika pia uzito wa mtoto aliopimwa mara ya mwisho, kwa sababu dawa hupimwa kwa uzito. Kadi ya kliniki itie kwenye mfuko wa plastiki, ikae kwenye msumari huohuo. Kuna siku utatoka mbio saa 8 za usiku, na hutaki kuanza kufungua makabati.

Hatua ya pili: siku arobaini

Hapa andika vitu viwili tu: amenyonya mara ngapi, amekojoa mara ngapi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kuanzia kama siku ya tano, anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Kwa wiki mbili za mwanzo tumia nepi za kitambaa, angalau mchana. Pampasi hunyonya maji hadi hujui kama mtoto amekojoa mara moja au mara nne.

Hesabu hiyo utaihitaji wageni wakija. Watakuja na mtori, na Mungu awabariki, mtori pokea, kunywa, ulizia na wa kesho. Lakini kati ya kijiko cha tatu na cha nne mmoja atasema maziwa yako mepesi, mtoto hashibi, mpe maji kidogo ya uvuguvugu. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanatosha peke yake, na maji yamo humohumo. Usibishane. Fungua daftari umwonyeshe vijiti vya mkojo vya jana. Nimemwona shangazi mwenye sauti ya mnada akinyamazishwa na vijiti saba vya kalamu.

Kitovu kiache kikavu na wazi. Majivu, samli, mate ya bibi, hapana. Ukipewa dawa na nesi, tumia hiyo tu. Kuoga kunaweza kusubiri hadi saa 24 zipite.

Sasa baridi. Anayejifungua Arusha kati ya mwezi wa sita na wa nane anajua ninachosema. Ukuta wa tofali unakuwa kama umetoka kwenye friji. Mweke mtoto kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga na blanketi juu yenu. Kitanda kipashe moto kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitenge, kisha itoe kabla hujamlaza.

Jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba mnacholala. Hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu meupe, hata mlango ukiwa na upenyo wa kupitisha panya. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na haimwamshi mtu, inamzidishia usingizi. Mkitaka kupasha chumba, pasheni mkiwa macho na dirisha limefunguliwa, kisha jiko litoke nje, mlango uachwe wazi kidogo, ndipo mtoto aingie. Kwa hili hata mama mkwe wangu nilimkatalia, na nilimkatalia mbele ya watu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari andika kwa wino mwekundu dalili zisizosubiri asubuhi. Mtoto mchanga haamki kunyonya au ameacha kunyonya. Amepata degedege. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu dakika nzima akiwa ametulia, si akilia). Joto limefika nyuzi 37.5 au limeshuka chini ya 35.5. Amekuwa wa njano siku ileile aliyozaliwa, au njano imefika viganjani na nyayoni. Kitovu kimezungukwa na wekundu au kinatoa usaha. Ukiona mojawapo, mpigie dereva wa bajaji.

Na wewe je? Mimi baada ya kitinda mimba nilianza kuandika mambo yangu kwenye ukurasa wa kushoto: nimelala saa ngapi, nimekula nini. Kulia siku ya tatu au ya nne ni kawaida, wengi tunalia na hatujui tunalilia nini. Wiki ya tatu nikaandika "sitaki kumshika". Kesho yake tena. Siku ya tatu tena. Kwa mdomo nisingeweza kumwambia mtu maneno hayo. Baba watoto aliyasoma wakati anatafuta saa ya kunyonyesha. Hakuniuliza kitu; asubuhi alifunga duka lake na kunipeleka kliniki, na jioni bibi wa watoto alishuka na begi la mwezi mzima. Huzuni ya namna hiyo ikipita wiki mbili ina matibabu. Ukishindwa kulisema, liandike mahali ambapo mtu atalisoma.

Hatua ya tatu: kurudi kazini

Kama umeajiriwa, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba anapata siku 3. Ukirudi, una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaziombi kwa sababu hawajui kwamba zipo. Sisi tulioajiriwa na cherehani zetu wenyewe hatuna wa kumdai. Mimi nilirudi siku ya 50 na mtoto mgongoni.

Anza kukamua wiki mbili kabla. Kikombe cha chuma chenye mfuniko, kilichochemshwa, na mikono yako iliyonawa sabuni, vinatosha. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya friji mahali pasipo joto, na hadi siku nne ndani ya friji. Yapashe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyaweke juu ya moto. Mnyweshe kwa kikombe kidogo. Chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha na ndiko vijidudu vya kuhara vinakojificha. Dada ataandika saa uliyokamua, siyo saa aliyompa tu. Sisi tulimwaga maziwa mara mbili kwa kukosa saa hiyo, na maziwa ya mama yakimwagwa, mama ndiye anayeumia.

Hatua ya nne: kijiko cha kwanza

Miezi sita ikitimia, utaletewa unga wa lishe. Utakuwa na mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, mtama, ngano, na vingine ambavyo aliyesaga mwenyewe amesahau. Mimi siupendi, na sababu zangu ni mbili. Mtoto akitoka vipele hutajua umlaumu nani kati ya wale kumi na mbili. Tena hukuona karanga na mahindi hayo kabla hayajasagwa. Sumukuvu hukaa kwenye nafaka na karanga zilizovunda, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Unga hauonyeshi uvundo, punje inaonyesha.

Kwa hiyo nunua punje. Zimwage kwenye ungo juani, toa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, kisha peleka mashine mwenyewe. Anza na nafaka moja. Kila baada ya siku tatu ongeza kitu kimoja kipya na ukiandike. Uji uwe mzito: ukiinamisha kijiko uteremke taratibu kama asali, usitiririke. Uji mwepesi unajaza tumbo bila kumshibisha mtoto, kisha tunashangaa kadi ya kliniki mstari umelala.

Siku za mwanzo vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku. Akifika miezi minane awe anakula nusu kikombe, mara mbili hadi tatu. Kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, na kitu cha kutafuna katikati. Arusha tumebarikiwa parachichi, ponda tu umpe. Ndizi zipo, mayai yapo, maini nusu kilo yanagawanyika siku nyingi. Dagaa wasage wakiwa wamekaangwa bila mafuta. Mnafu uchemshe, uponde, uchanganye na kiazi. Chumvi na sukari hazihitaji. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, hata kidole kimoja cha kulamba, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia.

Jambo linalotuhusu sisi zaidi ya watu wa mikoa mingine ni maji. Yale meno ya kahawia unayoyaona Arumeru si uchafu wala si uvivu wa kupiga mswaki. Ni floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia visimani na kwenye mito. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingine vya kuuzunguka mlima vinapita hapo mara kadhaa. Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi tangu uchangani hadi miaka minane hivi, kwa hiyo mtoto akinywa maji hayo miaka hiyo, doa litatokea jino litakapoota, na halifutiki. Yakizidi sana, mifupa nayo inapinda.

Hapo kuna mtego: kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki kwenye yaliyosalia. Fanya hivi. Watazame watoto wa jirani waliozaliwa hapohapo na kunywa maji ya chanzo chenu; meno yao ya mbele yatakupa jibu kabla ya maabara. Ukipata la kahawia, kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati safi (mvua ya kwanza iache iende), yachemshe, yawe ya kunywa na ya kupikia uji wa walio chini ya miaka minane peke yao. Ya kufulia na kuogea hayana shida. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa, kazi iliyofanyiwa utafiti miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto hapahapa kwetu. Na magadi yatoke kwenye sufuria ya mtoto. Najua, makande bila magadi yanachelewa kuiva. Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Magadi nayo hubeba floridi, na unamwongezea mtoto kile ulichokuwa unakikimbia kwenye maji.

Tarehe za kliniki ziandike ukurasa wa mbele: chanjo za wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Matone ya vitamini A hutolewa kila miezi sita tangu miezi sita hadi miaka mitano, kwa kawaida mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Ile ya miezi 18 ndiyo tunayoisahau, kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia na tunaona amekua.

Hatua ya tano: homa, kuharisha, na "meno ya plastiki"

Homa kwanza, maana ndiyo iliyozaa daftari. Nyumba iwe na chupa moja tu ya parasetamoli. Dozi kwa uzito, kama ulivyoelekezwa duka la dawa au hospitali, si kwa umri ulioandikwa kwenye boksi tu. Kati ya dozi na dozi ipite saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Soma pia dawa za mafua, nyingine zina parasetamoli humohumo ndani. Kama mmetoka safari Tanga, Dar au Moshi ya chini, homa ipimwe malaria kabla ya kubahatisha. Mtoto akiwa na homa na anapumua haraka, hesabu: miezi 2 hadi 12, pumzi 50 kwa dakika ni hatari, mwaka 1 hadi 5, pumzi 40.

Kuharisha: paketi moja ya ORS, ile poda ya chumvi na sukari, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na yakifika saa 24 mwaga. Kila akiharisha, chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu ya kikombe cha chai, kijiko kwa kijiko. Akitapika subiri dakika kumi, endelea polepole zaidi. Vidonge vya zinki siku 10 hadi 14: nusu kidonge kwa walio chini ya miezi sita, kizima kwa waliozidi, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Aendelee kunyonya na kula. Macho yakiingia ndani, utosi ukibonyea, akishindwa kunywa au ukiona damu, funga daftari nenda.

Sasa lile jambo ambalo huku Kaskazini bado linatembea nyumba kwa nyumba. Mtoto wa miezi mitano, sita au saba anaharisha, ana joto, mate yanamtoka. Anakuja mtu mzima wa heshima, anafunua mdomo, anaonyesha kivimbe cheupe kwenye ufizi na kutamka: ni meno ya plastiki, yakibaki mtoto atakufa. Fundi anatafutwa. Anachokitoa, mara nyingi kwa spoku ya baiskeli au ukucha, ni chipukizi la chonge ambalo halijakomaa. Ndiyo maana ni jeupe na laini. Mtoto anabaki na kidonda, damu, hatari ya maambukizi kutoka kwenye chuma kilichopita vinywa vingine, na chonge la ukubwani linaweza kuota limeharibika au lisiote. Kuhara kunakoma siku chache baadaye, kama ambavyo kungekoma, na fundi anapata sifa.

Kitinda mimba alipokuwa na miezi saba, mama mkwe wangu alifunua mdomo wake. Nilitaka kupiga kelele. Lakini huyu mama alizika watoto wawili miaka ambayo zahanati ilikuwa mbali na kwake, na anachokiogopa ni kaburi la tatu; ukimwita mjinga, atamchukua mtoto siku haupo. Nikamwambia: "Mama, naomba siku tatu. ORS na zinki, na wewe ndiye utakayeandika kila akiharisha. Isiposhuka tunaenda Mount Meru hospitali mimi na wewe." Akaandika. Siku ya kwanza tisa, ya pili sita, ya tatu mbili. Siku ya nne alijumlisha mwenyewe kwa kidole, akakohoa kidogo na kusema uji umeungua. Ulikuwa haujaungua.

Hatua ya sita: shule ya msingi

Hapa kalamu inahamia kwa mtoto. Ada ya shule za serikali ilifutwa, lakini ufagio, ndoo, karatasi za mtihani na mchango wa uji havijafutwa, na vyote hutangazwa saa 3 usiku mtoto akiwa kitandani. Kanuni ya nyumbani kwangu: kisichoandikwa kabla ya saa 12 jioni hakipo. Kijana wangu alienda shule bila ufagio mara moja. Mara ya pili aliandika "UFAGIO" kwa herufi za ukurasa mzima.

Andika pia nani anamchukua na kwa chombo gani, na mtoto ajue kwamba hapandi bodaboda ya mtu asiye kwenye daftari hata akijua jina la mama. Mfundishe majina ya viungo vyote vya mwili bila kuficha, na kwamba mtu mzima akimwambia "hii ni siri yetu", hiyo ndiyo ya kuja kusema nyumbani siku hiyohiyo. Awe baba mdogo, awe mwalimu wa dini.

Hatua ya saba: chalii amefika sekondari

Hapa daftari lilikaribia kufa, na muuaji alikuwa mimi. Binti yangu alipoingia kidato cha kwanza nilianza kumwandika kama mlinzi wa geti: "Saa 1:30 jioni amerudi, hasemi alikuwa wapi." "Ananuka manukato." Alisoma. Wiki nzima sikusikia zaidi ya shikamoo. Kisha nikakuta ukurasa umechanwa, na nilijua kosa ni langu. Nilikuwa nimevunja kanuni ya pili kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Tulianza upya hivi. Kwanza, mambo ya mwili wake na rafiki zake hayaandikwi kabisa. Pili, kinachoandikwa ni tulichokubaliana tu: saa ya kurudi, zamu ya kupika, simu. Saa alipanga yeye, mimi nikapunguza kidogo, tukasaini wote wawili. Tatu, na hili ndilo lililobadilisha hali ya hewa: na mimi naandikwa. Simu zote zinalala jikoni saa 3 usiku, ya baba ikiwemo. Wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na wa kwangu anaamka saa 11 alfajiri kuwahi kifodi, daladala zetu ndogo. Piga hesabu uone simu inakula wapi.

Hedhi haihitaji hotuba. Kuna boksi kabatini lenye taulo. Zikibaki mbili anaweka nukta kwenye daftari, mimi au baba tunajaza. Baba alinunua mara ya kwanza akiwa amevaa kofia ya kuficha uso, siku hizi anabishana bei. Hakikisha pia amepata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja. Uliza shuleni au kliniki kabla hajapita umri.

Kuna sentensi moja ambayo mama zetu walituambia na tunairudia bila kufikiri: "Ukipata mimba usikanyage hapa." Niliifuta. Binti anayeogopa nyumbani kuliko anavyoogopa mtaani ataficha miezi mitano. Nilimweleza wazi kinachosababisha mimba na magonjwa, na namna ya kukataa. Nikamwambia pia kwamba tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, kwa hiyo hakuna kosa linalofunga mlango wa kwetu wala wa darasani. Hakujibu kitu. Tulikuwa tunachambua mchele, na hapo ndipo mahali pa mazungumzo haya: mikono ina kazi, macho yapo kwenye ungo, hakuna anayemkodolea mwenzake. Ukimketisha sebuleni na kusema "nataka tuongee", umeshampoteza.

Kwa wavulana sina wa kwangu aliyefika, ila mtoto wa dada yangu aliishi nasi miaka miwili. Nauli yake ilikuwa inaisha Jumatano. Kwenye daftari ilionekana wazi inavyopungua kila Jumatatu na Jumanne, siku za baada ya mechi za wikendi. Alikuwa anabeti kwa laini ya rafiki yake, wakati sheria inataka miaka 18. Baba alimpa daftari, akamwambia ajumlishe mwenyewe alichopoteza kwa miezi mitatu. Bei ya viatu vya mpira alivyokuwa anatuomba ilipitwa.

Wiki iliyopita nilichelewa. Nilifika saa 2:40 usiku, nyumba imetulia, nikaenda jikoni kuweka simu. Daftari lilikuwa wazi, mwandiko wa binti yangu: "Saa 1 jioni. Mama. Alisema atarudi. Hajarudi. Simu haipatikani." Chini yake: "Saa 2. Bado." Nikaanza kujieleza kwa sauti, nguo za maharusi, mteja amebadilisha kola, chaji imeisha. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango, kisha akanisogezea kalamu kwa uzi wake. Nikaandika: "Saa 2:40. Mteja wa harusi. Ningeomba simu ya jirani wa fremu, sikuomba." Akasoma, akaenda kunipakulia chakula.